Koti la Kibwana Ngoda Lapanda Cheo

Pikapu ilikuwa imeshaiacha lami, na mji mkuu umebaki nyuma kama moshi wa jiko la mtu mwingine, ndipo Kibwana Ngoda alipogundua kwamba mikono yake inapigwa na upepo. Alikuwa na shati tu. Akavitazama viwiko vyake kama anatazama viwiko vya mgeni. Kwa miaka mingi hakuna mtu, ukimtoa marehemu mkewe, aliyewahi kuviona.

Dereva akamtupia jicho la huruma.

"Mzee, umeibiwa?"

"Koti nimeliacha ofisini."

"Aah, basi upo kazini," dereva akasema kwa heshima, akapunguza sauti ya redio asimsumbue mtu aliye kazini.

Dereva hakuwa anatania. Katika nchi ile, koti si jambo la utani. Nchi yenyewe ni ya joto. Mbuzi wa kule hulala kivulini tangu asubuhi na hakuna anayewalaumu. Lakini ofisa wa serikali huvaa koti zito la sufu, lenye bitana, na sheria iko wazi: ofisa yupo pale lilipo koti lake.

Wanasema ilianza zamani, siku Rais wa kwanza alipokwenda kukagua wizara akiwa na wageni kutoka nje. Alifungua mlango akakuta vyumba vitupu, makoti yametundikwa migongoni mwa viti. Msaidizi wake, mtu mwepesi wa akili, akasema, "Wote wapo, Mzee." Rais akapita kiti kwa kiti akiyapa makoti mkono wa heri, wageni wakasifu utulivu wa watumishi. Jioni ile jambo likawa sheria, na msaidizi akawa Waziri.

Tangu hapo kila ofisa ana koti moja lililosajiliwa, na kila koti lina mtunzaji wake. Mtunza koti kazi yake ni moja. Akiulizwa bosi yuko wapi, anasema, "Yupo." Basi. Mwananchi anaingia, analieleza koti shida zake, anashukuru, anatoka. Wako wananchi wanaoapa kwamba makoti yana msaada kuliko wenyewe, kwa sababu koti halijawahi kumfokea mtu.

Ukali wa sheria hiyo aliuonja Faki Shomvi wa masjala. Koti lake lilimwagikiwa chai likapelekwa kwa dobi, naye akaja kazini hivyohivyo, akafanya kazi kutwa nzima hata chakula hakula. Jioni akaandikiwa utoro. Akasema, "Jamani, si mlikuwa mnanituma mafaili?" Wakamwuliza shahidi wake nani. Akamtaja rafiki yake wa meza ya jirani, Kibwana Ngoda. Kibwana akasimama, akasafisha koo, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba hakuona koti. Faki akatumbuliwa kazi, na Kibwana akapata meza yake ya dirishani.

Miaka ikapita, Kibwana akawa Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Foleni katika Wizara ya Subira. Msiidharau idara hiyo. Ndiyo inayoamua wananchi wasimame wapi, wakae wapi, na dirisha gani lifungwe watu wakishalikaribia. Naibu alikuwa, na naibu akabaki, mpaka mvi zikampata. Alichokuwa anakitaka duniani ni kitu kimoja, kiti cha Mkurugenzi. Hakuwa na mke tena, mtoto hakujaliwa. Alitaka siku moja apite ukumbini watu wasimame.

Na siku hiyo ilikuwa inanukia. Mkurugenzi alikuwa ameteuliwa balozi katika nchi ambayo wataalamu walikuwa bado wanaitafuta kwenye ramani. Mkeka, yaani orodha ya uteuzi, ulingojewa wakati wowote. Majina yalikuwa mawili: Kibwana Ngoda, na Mwinjuma Tosha, mtu mwenye maneno mengi ambaye hata akikuomba chumvi hutoa kwanza historia yake.

Mtunza koti wa Kibwana alikuwa binti mmoja anaitwa Tabia. Alikuja wizarani hajui hata pa kuweka mikono, Kibwana akamchukua kama mwanawe. Tabia akamwita mjomba. Mchana walikula vitumbua pamoja mlango umefungwa, na hapo ndipo alipomsomesha elimu ambayo haimo katika chuo chochote.

"Ukitembea mikono mitupu watakutuma," alimwambia. "Shika faili. Lisiwe na kitu ndani, litakuchosha bure. Ukishika faili ukakunja uso, hata Waziri atakupisha njia."

"Na kazi je, mjomba?"

"Kazi usiimalize. Kazi ikiisha watu wanaanza kuuliza wewe wa nini. Iache imebaki kidogo. Hapo kwenye kidogo ndipo unapoishi."

Tabia akacheka. "Na mkubwa akitoa kichekesho?"

"Hapo uwe na akili. Ukicheka wa kwanza, mjinga. Ukicheka wa mwisho, mpinzani. Mwache aliyekaa karibu naye aanze, wewe umdandie."

"Na mtu akinizibia njia?"

Kibwana akautazama mlango kwanza. "Usimseme vibaya. Msifu. Msifu mbele ya mkubwa, kwa jambo lilelile ambalo mkubwa mwenyewe anajisifia. Mkubwa akijiona msemaji, mwambie fulani naye ana ulimi mtamu. Utaona kama ataiona Ijumaa."

"Na kama bado hatoki?"

"Mwanangu, mtu hatoki kitini kwa kusukumwa. Ukimsukuma anashika meza. Mtu anatoka kitini kwa kuitwa. Wewe tafuta kinachomwita."

Tabia aliitikia kwa kichwa taratibu, akamega kitumbua chake, nusu akampa yeye. Kibwana akakila akiwa na raha. Alijiona amepata mtu duniani.

Sasa, katika wiki ile ya kungoja mkeka, Tabia aliingia ofisini ameshika mdomo.

"Mjomba, kaa. Wamepiga simu kutoka kwenu. Kaka yako Athumani hali yake mbaya. Wanasema umuwahi."

Kibwana akakaa. Athumani ndiye aliyemlea yeye, baba yao alipofariki. Aliacha shule yeye, akashika jembe, ili mdogo wake asome mpaka asomeke. Hakuwa na ndugu mwingine.

"Lakini mkeka, Tabia. Mkeka."

"Mjomba, koti si lipo? Na mtunzaji si mimi? Nani atasema umeondoka?" Akamfuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe. "Nenda kamwone kaka yako. Hapa niachie."

Kibwana akalivua koti, akalipangusa mabega, akalikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto kwa nyanya yake. Mlangoni akageuka. "Ukimwona Mwinjuma anazungukazunguka..."

"Yupo," Tabia akajibu, kama vile mtu anayejaribu sauti. Wakacheka wote wawili.

Ndiyo safari hiyo ya pikapu. Njia nzima Kibwana alikuwa akimwombea nduguye, na katikati ya dua likawa linajipenyeza jina la Mwinjuma. Analitoa, linarudi.

Alipofika kwao, akamkuta kaka yake juu ya paa, ana misumari mdomoni, anapigilia bati.

Kibwana akasimama uani akiwa na shati lake. "Kaka!"

Athumani akatema misumari kiganjani. "We Kibwana! Mbona uko uchi hivyo?"

"Si unaumwa?"

"Nani?"

"Wewe!"

"Niumwe, nipande juu ya paa? Nani kakwambia?"

"Ofisini nimepewa salamu."

"Basi huko ofisini kwenu kuna mtu ananitakia mabaya. Nipe hiyo nyundo imeanguka hapo miguuni pako."

Kibwana akampa nyundo. Akacheka mpaka akakaa chini, akalia, akacheka tena. Simu za siku hizi, akasema, mtu anaumwa huku, salamu zinafika kule. Pengine alikusudiwa Ngoda mwingine. Mke wa Athumani akachinja kuku. Kibwana akalala palepale siku mbili, akala, akaota jua viwiko vikababuka, na katika siku mbili hizo hakuna hata mara moja alipojiuliza salamu zile zilitoka kwa nani. Mtu aliyefundisha wenzake fitina maisha yake yote! Lakini ndivyo alivyokuwa: alijua kila mlango wa kuingilia hila, isipokuwa ule aliokuwa anaufungua mwenyewe kila mchana kwa ajili ya vitumbua.

Jumatatu asubuhi alifika getini kwa Wizara ya Subira. Askari wa getini, Chande, aliyemjua miaka yote, akamtazama shati, akamtazama viwiko, akaweka kizuizi.

"Foleni ya wananchi kule, mzee."

"Chande, ni mimi. Ngoda."

Chande akashtuka, akatazama huku na huku. "Mzee, usilitaje hivyo jina la Mkurugenzi. Watu wamefungwa."

"Mkurugenzi gani?"

"Mheshimiwa Kibwana Ngoda. Kaapishwa Ijumaa. Yumo ndani hivi sasa."

Moyo wa Kibwana uliruka kwa furaha, halafu ukakosa pa kutua.

Chande hakuwa mtu mbaya. Alimvuta pembeni, akamweleza kama anavyomweleza mgeni habari za mji. Usaili ulifanyika mbele ya Waziri Kapera mwenyewe. Mwinjuma Tosha aliitwa wa kwanza, akaulizwa atafanya nini kupunguza foleni. Akajibu. Alijibu mpaka umeme ukakatika na ukarudi, bado anajibu. Na kabla hajaingia, yule binti Tabia alikuwa ameshamsifia kwa Waziri: "Mheshimiwa, huyu Bwana Mwinjuma anahutubia vizuri, watu wanasema hapa nchini hajatokea msemaji kama yeye." Sasa mnajua Waziri Kapera ni mtu wa hotuba. Mwinjuma alipomaliza, Waziri akauliza tu kama kuna kituo cha mpakani kinachokosa mtu.

Kisha likaletwa koti. Tabia akaliweka kitini, akalinyoosha kola. Waziri akaliuliza atafanya nini kupunguza foleni. Koti likanyamaza. Waziri akalisogelea, akaliuliza tena kwa ukali. Koti halikutetereka. Wajumbe wakatazamana.

"Waziri alisimama, mzee," Chande akasema, na akaiga sauti: "'Ndugu wajumbe! Katika zama hizi za matamko, ambapo kila mtumishi anajifanya anajua, tumempata kiongozi asiyekurupuka! Kiongozi anayesikiliza! Hajaomba gari. Hajaomba safari. Hajamtaja mwenzake kwa ubaya. Hata maji tuliyomwekea hakuyagusa! Enyi vijana, igeni mfano wa Ndugu Ngoda!' Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nililia."

"Chande, lile ni koti."

"Najua ni koti. Kwani wewe ulikuwa unadhani ni nini?"

Hapo Kibwana akapita. Aliruka kizuizi kama kijana, akapanda ngazi, watu wakimpisha kwa kudhani ni mwendawazimu, na katika wizara ile wendawazimu hawasumbuliwi, kwa sababu huenda wameteuliwa. Akausukuma mlango wa Mkurugenzi.

Koti lilikuwa kwenye kiti kikubwa cha ngozi, feni imelielekea. Mbele yake pamewekwa bilauri ya maji na bendera ndogo. Tabia alikaa kwenye kiti kidogo ubavuni, amevaa blauzi nyeupe, na makarani wamesimama ukutani wanangoja maelekezo.

"Shikamoo mjomba," Tabia akasema bila kusimama. "Pole na safari. Kaka anaendeleaje?"

"Kaka yangu yuko juu ya paa!"

"Tunamshukuru Mungu. Amepona haraka."

"Tabia." Sauti ya Kibwana ikashuka. "Salamu zile ulizipata wapi?"

Tabia akawatazama makarani, kisha akamtazama yeye, wala hakukwepesha macho.

"Mjomba, si ulisema mtu anatoka kitini kwa kuitwa? Nilikaa na wewe miaka, nikatafuta kitu kitakachokuita. Posho haikuiti. Sifa zinakuita, lakini hazikutoi nje ya mji. Nikaona ni huyo kaka tu."

Kibwana akasogea hatua moja. "Nilikuita mwanangu."

"Na mimi nilikuita mjomba. Ofisi hii kila mtu ana mjomba wake."

"Nilikupa siri zangu. Nilikupa chakula changu."

"Vitumbua nilikuwa naleta mimi," Tabia akasema kwa upole. "Lakini mjomba, umekasirikia nini? Cheo ulikitaka, umekipata. Jina lako liko mlangoni. Kuna mtu gani mwingine aliyewahi kwenda kumwona mgonjwa akarudi Mkurugenzi? Kaa kwenye foleni kama watu wengine, zamu yako ikifika utaonana naye. Nitakuombea akusikilize."

Karani mmoja akajisahau akacheka. Alicheka wa kwanza, wenzake wakamtazama.

Kibwana akakumbuka sheria. Aliijua kuliko wote waliokuwa mle. Ofisa yupo pale lilipo koti lake. Basi na livaliwe! Akarukia kile kiti, akalinyakua koti, na makarani wakashusha pumzi, kwa maana walidhani wanaona Mkurugenzi anaungana na Mkurugenzi. Chande, aliyekuwa amemfuata mbio, akasimama mlangoni mguu sawa, mkono tayari karibu na kofia, anangoja kupiga saluti.

Kibwana akaingiza mkono wa kulia. Ukafika kwenye kiwiko, ukakwama.

Akavuta. Akaingiza wa kushoto. Ukakwama mapema zaidi. Mgongo haukupita, kifua hakikufunga. Akaligeuza ndani kwa nje, akaona mshono mpya, uzi mweusi umepita kwapani, kiunoni, mabegani, kazi safi ya fundi. Lilikuwa limepunguzwa kila mahali. Akasimama katikati ya ofisi aliyoililia nusu ya umri wake, mikono imenasa nyuma kama mtuhumiwa, anahema.

"Usilichane, mjomba," Tabia akasema. "Ni kiongozi."

Akainuka. Akamsaidia kulivua, taratibu, bila chuki, kama alivyokuwa akimsaidia kila asubuhi. Akalikung'uta. Kisha akalivaa yeye. Mikono ikaishia kwenye vifundo vya mikono yake, mabega yakakaa, kifungo kikaingia chenyewe. Lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo.

Chande akapiga saluti. Makarani wote wakasimama wima, na waliokuwa wamesimama tayari wakajitahidi kusimama zaidi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," wakasema.

Kibwana Ngoda alimtazama Tabia usoni, akitafuta angalau aibu kidogo, angalau jicho moja lishuke. Akaona uso wa mtu mwenye kazi nyingi.

"Kuna mtu anayemfahamu mzee huyu?" Mkurugenzi akauliza.

Kibwana akamtazama Chande. Chande akasafisha koo, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba yeye haoni koti.

Habari zao baada ya hapo ni hizi. Mkurugenzi Kibwana Ngoda, kwa jina hilohilo na kwa koti hilohilo, alikaa Idara ya Foleni mwaka mmoja, akapandishwa kuwa Naibu Waziri, na sasa ni Waziri. Kwenye picha ni mwanamke mwembamba mwenye tabasamu, na magazeti humwita Mheshimiwa Bwana Ngoda. Waziri Kapera alihutubia mbele ya Rais hotuba iliyopendeza mno, akateuliwa balozi wa pili katika nchi ile inayotafutwa. Mwinjuma Tosha yuko kituo cha mpakani. Wasafiri huvuka kwa njia za porini wasikutane naye. Karani aliyecheka wa kwanza hajulikani aliko. Chande amepewa koti. Faki Shomvi, aliyefukuzwa zamani kwa ajili ya dobi, amefungua udobi, na wateja wake wote ni maofisa wanaolala palepale dukani kungoja nguo ikauke.

Tabia aliandikiwa utoro, kwa sababu mtu wa jina hilo hakuonekana tena ofisini.

Yule mzee wa viwiko alikwenda mahakamani, akaambiwa mlalamikaji ni mtumishi mwenye rekodi nzuri na hana malalamiko. Akaomba kiinua mgongo, akajibiwa hajastaafu. Akarudi kwa kaka yake. Paa limeisha, halivuji. Wanalima pamoja mahindi na kunde. Mke wa Athumani akileta chai shambani, mzee hainywi mpaka kaka yake anywe kwanza katika kikombe hichohicho. Athumani alikasirika siku za mwanzo. Sasa amezoea. Hupiga funda moja, humpa kikombe, wakaendelea kupalilia.